Jiwe la Mlango wa Ghala

Kila siku saa kumi jioni, akishavua sare ya shule na kujaza ndoo mbili za maji, Nyamizi alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao, pale Runzewe, kando ya baba yake, Marcel, wakachambua mawe.

Marcel alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alirudi kutoka machimboni na mfuko wa mawe ya kujaribia, na kabla jiwe halijapelekwa kupondwa, lilipaswa kusomwa kwanza. Na mawe, huku kwetu, husomwa kwa ulimi. Usicheke. Jiwe kavu halisemi kitu, lakini ukililowesha, mishipa yake hujitokeza na ukayajua mengi. Mchimbaji aliye porini na kidumu kimoja cha maji hawezi kuyamwaga maji hayo juu ya mawe, kwa hiyo hulilamba jiwe, akaligeuza juani, akaliangalia. Nyamizi alikuwa amejifunza jambo hilo tangu darasa la pili, na sasa akiwa la sita, jicho lake lilikuwa kali kuliko la watu wazima wengi.

"Nyamizi! Toa hilo jiwe mdomoni!" mama yake alipaza sauti kutoka jikoni. "Unajua limekanyagwa na nani?"

"Naliangalia tu, mama."

"Unaliangalia kwa ulimi? Macho umemwazima nani? Na wewe Baba Nyamizi, ndiyo elimu unayompa mtoto?"

Marcel alijifanya hakusikia. Bibi Apolonia, mama yake Marcel, aliyekuwa akipepeta choroko kwenye ungo, alicheka mpaka choroko zikamwagika.

Jioni ile Bibi Apolonia alikuwa na lake moyoni. Keshokutwa yake Nyamizi na wenzake wa darasa la sita wangesafiri kwenda Bagamoyo kulitembelea jumba la kale la tajiri mmoja wa pembe za ndovu. Shule yao haikuwa imewahi kufika pwani. Kwa misimu miwili wanafunzi walilima alizeti katika shamba la shule, wakapalilia, wakavuna, wakapura, na yote ili safari hiyo iwezekane. Mwalimu Generosa, mwalimu wao wa historia, alikuwa ameshika jembe pamoja nao. Nyamizi alikuwa amechaguliwa kutoa neno la shukrani huko jumbani, na maneno yake alikuwa ameyakariri mpaka mbuzi wa nyumbani wameyajua.

"Njoo hapa, ng'wanawane," bibi alimwita, maana yake mwanangu. "Unajua babu yangu aliwahi kufika huko unakokwenda?"

"Yule aliyebeba pembe?"

"Huyo huyo. Mara tatu alikwenda na mara tatu akarudi. Aliporudi mara ya mwisho, nyayo zake zilikuwa ngumu hata watoto wakawa wanazigonga kwa kijiti, yeye anacheka. Hakuwa mtumwa wa mtu. Alikwenda kwa miguu yake kutafuta maisha, na akarudi kwa miguu yake." Bibi aliuweka ungo chini. "Sasa ukifika, niangalizie jambo moja tu. Niangalizie kama wanatukumbuka."

"Nitaangalia, bibi."

"Usiniletee maneno ya kunifurahisha. Uniletee ya kweli."

Safari ilichukua siku mbili. Walipita Kahama, Nzega na Singida, wakalala Dodoma katika madarasa ya shule moja, na alfajiri wakaendelea. Kila mtu alipoanza kulalamika kwamba viti vya basi ni vigumu, Mwalimu Generosa alisimama katikati ya basi.

"Babu zenu walikwenda pwani kwa njia ya Tabora, kwa miguu, miezi mitatu, mzigo begani," alisema. "Ninyi mmekaa, mnakula mihogo ya kukaanga, na bado mnanung'unika! Jamani!"

Nyamizi alikaa na Hosiana, rafiki yake na mwenzake wa dawati moja. Baba yake Hosiana pia alikuwa mchimbaji. Hosiana alikuwa msichana wa maneno mengi na mikono isiyotulia, lakini shambani hakuwa na mpinzani. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na kwa misimu yote miwili alikuwa na wimbo mmoja tu: "Siku nikiiona bahari, nitapiga kelele mpaka Runzewe wasikie."

"Utatuaibisha," Nyamizi alimwambia ndani ya basi.

"Nitawaaibisha vizuri kabisa," Hosiana akajibu.

Walifika saa nane mchana. Jumba la Nguzo Saba lilikuwa limeipa mgongo barabara na uso baharini, kwa hiyo kutoka upande walioingilia bahari haikuonekana hata kidogo. Walisikia mvumo wake tu nyuma ya kuta. Hosiana alitaka kulizunguka jumba mbio, Mwalimu Generosa akamshika kola.

Mlangoni walipokewa na Bi Mwanamkuu, mlinzi na msimulizi wa jumba lile, mama mtu mzima aliyejifunga leso mbili na kushika funguo nyingi.

"Shikamoo, bibi!" wanafunzi arobaini walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mbali, karibuni sana. Sharti langu ni moja. Mnaangalia kwa macho, hamwangalii kwa mikono."

Ajabu ni kwamba Hosiana tayari alikuwa anagusa. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, umechongwa maua na minyororo, na umepigiliwa vifundo vikubwa vinavyong'aa. Wanafunzi wa shule nyingine ya mjini, waliokuwa wakisubiri zamu yao, walikuwa wakinong'ona kwamba vile vifundo ni vya dhahabu. Hosiana alikipitishia kimoja kidole.

"Shaba hii," alisema kwa sauti. "Dhahabu haiwi hivi."

"Mikono, binti!" Bi Mwanamkuu alifoka. "Mlango huu una miaka mingi kuliko babu yako!"

"Watoto wa machimboni hao," mmoja wa wanafunzi wa mjini alisema, na wenzake wakacheka. Nyamizi alisikia masikio yake yakiwaka moto.

Ndani, kila mtu alisahau kucheka. Ukutani mwa ukumbi kulikuwa na vishubaka vingi, na katika kila kishubaka sahani ya kauri iliyovuka bahari kutoka nchi za mbali. Kulikuwa na vioo virefu kumpita Mwalimu Generosa. Kulikuwa na bafu la mawe meupe lenye mfereji wake wa maji, na kitanda kilichoinuka juu hata tajiri alihitaji ngazi ya kukipandia.

"Alilala peke yake kwenye kitanda chote hicho?" aliuliza Herman, mvulana mfupi kuliko wote darasani.

"Peke yake, na mto wake wa hariri," alijibu Bi Mwanamkuu.

"Kwetu hapo tungelala sita," Herman alisema, na safari hii hata Bi Mwanamkuu alicheka.

Mwisho wa ghorofa ya chini waliingia katika ghala la pembe. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo juu kabisa. Pembe zenyewe hazikuwapo tena. Kulikuwa na mizani ya zamani, minyororo, na picha za tajiri akiwa na kilemba. Bi Mwanamkuu alisimulia jinsi alivyokuwa na mashamba na majahazi, na hakuficha kwamba nyumba kama zile ziliuza pia watu.

Nyamizi aliinua mkono. "Samahani, bibi. Pembe zililetwa humu na nani?"

"Misafara, mwanangu. Kutoka bara."

Basi. Maneno manne, na Bi Mwanamkuu akaendelea kueleza habari za mizani. Nyamizi alizungusha macho ukutani akitafuta japo picha moja ya mpagazi, japo jina moja, asione. Alikumbuka zile nyayo zilizogongwa kwa kijiti, moyo ukamuuma. Sasa angemwambia nini bibi?

Wenzake walipotoka kwenda uani kuona kisima, yeye alibaki nyuma kidogo ili anakili maneno ya vibao. Karibu na mlango, nyuma ya kamba iliyofungwa kuzuia watu, palikuwa na jiwe dogo la ukubwa wa ngumi mbili. Kibao chake kilisema: "Jiwe la baharini. Lilitumiwa kuzuia mlango wa ghala la pembe."

Nyamizi aliliangalia mara moja, akaliangalia tena. Jiwe la baharini? Mawe ya baharini alikuwa ameyaona tangu walipofika, maana jumba zima lilijengwa kwayo. Yalikuwa na vitundu na alama za konokono. Hili lilikuwa zima, jeupe, zito kwa kuliangalia tu, na lilipitiwa na mishipa ya kutu nyekundu. Mawe ya namna hii yalijaa mfuko wa baba yake kila jioni.

Hakukusudia ubaya. Mkono wake ulipita chini ya kamba kabla hajauambia, ukalichukua jiwe. Likamjaa kiganjani kwa uzito ule ule anaoujua. Hapo akafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa na Marcel angefanya: akalilamba.

Mishipa ilijitokeza papo hapo, mitatu, wa katikati mnene. Lilikuwa jiwe la kwao, hapakuwa na shaka yoyote. Furaha ilimpanda Nyamizi mpaka kooni.

"Nyamizi! Tunakusubiri!" sauti ya Mwalimu Generosa ilitoka uani.

Alishtuka, na jiwe likamponyoka. Lilipiga sakafu, pembe yake moja ikakatika kwenye mshipa wa kutu na kuruka kando. Nyamizi aliganda. Kisha, haraka haraka, alilirudisha jiwe mahali pake, akaligeuza jeraha lielekee ukutani, akakiokota kile kipande kilichotosha kwenye kiganja na kukitia mfukoni mwa sketi. Akatoka mbio.

Uani alisimama karibu na kisima, anatabasamu, lakini hakusikia hata neno moja. Alijiambia kwamba hakuna aliyeona. Alijiambia pia kwamba atasema baadaye, wakiwa peke yao na Mwalimu. Baadaye ni neno tamu sana kwa mtu aliyekosa.

Kumbe Bi Mwanamkuu alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwapandisha wageni ghorofani, huvipitia tena vyumba vya chini kimoja kimoja. Alipotoka ghalani, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwalimu," alisema taratibu, "kuna mtoto amevunja jiwe la ghalani. Unga wake uko sakafuni, na kipande hakipo. Miaka ishirini naangalia nyumba hii, sijawahi kuibiwa hata msumari."

Wanafunzi wa shule ya mjini walikuwa wameingia ukumbini, wakasogea kusikiliza. Bi Mwanamkuu aliwaangalia watoto mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakatua kwa Hosiana.

"Hebu nione mikono yako, binti."

Hosiana alinyoosha mikono. Vidole vilikuwa na vumbi jeupe.

"Ni chokaa ya ukuta!" Hosiana alisema. "Niliushika tu ukuta, bibi. Jiwe sijaligusa. Haki ya Mungu, Mwalimu, si mimi!"

"Mlangoni ulikatazwa, Hosiana," Mwalimu Generosa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Tumelima misimu miwili ili tuje tuitwe wezi? Kaa hapo kwenye benchi. Ghorofani huendi mpaka ukumbuke kipande kilipo."

"Lakini bahari, Mwalimu..."

"Kaa, nimesema."

Nyamizi alifungua mdomo, akaufunga. Ulimi uliokuwa hodari wa kulamba mawe ulishindwa kusema neno moja. Wenzake walianza kupanda ngazi na yeye akapanda nao. Alipogeuka, Hosiana alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe, mikono katikati ya magoti.

Ghorofani kulikuwa na roshani ndefu yenye zile nguzo saba. Mlango ulifunguliwa, na bahari ikawa pale, yote, kutoka mwisho wa macho hadi mwisho wa macho. Watoto walisema "Aah!" kwa pamoja. Herman alishika kichwa kwa mikono miwili. Hata Mwalimu Generosa alisahau hasira kwa muda.

Nyamizi aliiangalia bahari na hakuifurahia. Kipande cha jiwe kilikuwa kinamchoma paja kupitia mfuko wa sketi. Alifikiria jinsi Hosiana alivyoinama shambani kwenye jua la saa sita, akiimba wimbo wake wa kupiga kelele. Aliyeistahili bahari ile kuliko wote alikuwa chini, anaangalia kisima. Na bibi je? Alitaka maneno ya kweli. Angemwambia kwamba amelipata jiwe la kwao pwani, kisha akalificha mfukoni na kumwachia rafiki yake jina la mwizi?

Waliposhuka, ulikuwa wakati wa neno la shukrani. Wanafunzi wa shule zote mbili walipangwa uani. Mwalimu Generosa alimpa Nyamizi ishara, bila tabasamu.

Nyamizi alikwenda mbele. "Mheshimiwa mwenyeji wetu, walimu wetu, na wanafunzi wenzangu," alianza kama alivyokariri. Akasimama. Maneno yote ambayo mbuzi wa nyumbani waliyajua yalikuwa yamepotea.

"Hosiana hakuvunja jiwe," alisema. "Nimelivunja mimi."

Aliingiza mkono mfukoni, akakitoa kile kipande na kukiweka kwenye kiganja cha Bi Mwanamkuu. Machozi yalimtoka lakini hakunyamaza. Aliogopa kwamba akinyamaza hataanza tena.

"Nilibaki ghalani. Nikalichukua. Nika... nikalilamba."

"Ukalifanya nini?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Nikalilamba, bibi. Kwetu jiwe linasomwa hivyo. Mwalimu aliponiita likaniponyoka, nikaogopa, nikaficha. Na Hosiana alipotuhumiwa nikanyamaza. Naomba mnisamehe. Hosiana, nisamehe."

Wanafunzi wa mjini waliangua kicheko. "Amelamba jiwe!" Lakini Bi Mwanamkuu aliinua mkono wenye funguo, wakanyamaza.

"Na uliposoma, ulisoma nini?" aliuliza. Nyamizi hakujua kama anamdhihaki au anauliza kweli.

"Kwamba si jiwe la baharini," alijibu, akifuta pua. "Ni la kwetu."

"Mtoto wee! Nimewaambia wageni miaka ishirini kwamba ni la baharini. Na aliyekuwapo kabla yangu ndivyo alivyoniambia."

"Chukua la ukutani, bibi, ulishike mkono huu. Na hilo ulishike huu."

Bi Mwanamkuu alisita. Kisha aliokota bonge la ukuta wa zamani lililokuwa limewekwa uani kwa ajili ya ukarabati, akaenda kulitoa na lile jiwe ghalani. Alisimama katikati ya ua, moja mkono huu na jingine mkono huu, akiyapima. Bonge lilikuwa kubwa zaidi, na bado mkono wenye jiwe ndio ulioshuka.

"Angalia vitundu vya hilo la bahari," Nyamizi alisema. "Hili halina hata kimoja. Na pale lilipovunjika, angalia kutu ilivyopita. Mshipa huo ndio wachimbaji wanaoufuata ardhini."

"Ni la kwetu kweli!" Herman alipaza sauti. "Kwetu yamejaa barabarani!"

"La kwetu hilo!" wengine waliitikia, na dakika ile ile watoto arobaini wa Runzewe walikuwa wamemzunguka Bi Mwanamkuu, kila mmoja anaonyesha mshipa, kila mmoja anaeleza. Wale wa mjini nao walisogea. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wao aliomba alishike kidogo jiwe, na Hosiana, aliyekuwa ameinuka kutoka kwenye benchi, ndiye aliyemwambia: "Kwa macho tu, bwana."

"Lakini lilifikaje hapa?" Bi Mwanamkuu alijisemea. "Kutoka bara hadi kwenye mlango wa ghala. Jiwe halina miguu."

"Babu yake bibi yangu alikuwa mpagazi," Nyamizi alisema kwa sauti ndogo. "Alikuja pwani mara tatu. Sisemi ni yeye. Ila alikuja mtu wa kwetu, akalibeba. Na humu ndani hakuna hata kibao kimoja kinachowataja."

Bi Mwanamkuu aliliweka bonge chini, jiwe akabaki nalo. Alikuwa mtu wa kujivunia nyumba yake, na kuambiwa upungufu wake mbele ya watu halikuwa jambo dogo. Mwishowe alikohoa.

"Umenivunjia jiwe na umenifundisha jiwe," alisema. "Kosa nalisamehe, lakini halipiti bure. Ufagio wa chelewa ule pale. Utaufagia ua huu wote, na huyu mwenzako nitampandisha ghorofani mimi mwenyewe."

Mwalimu Generosa alimwendea Hosiana, akamshika bega mbele ya wote. "Nimekuhukumu kwa sababu ya mdomo wako na mikono yako, wala sikuwa na ushahidi. Nimekosa, Hosiana. Nisamehe."

"Yameisha, Mwalimu," alisema Hosiana. Kisha akamgeukia Nyamizi, akamkazia macho. "Wewe yako bado. Utanibebea maji wiki nzima."

"Wiki mbili," alijibu Nyamizi.

Nyamizi alikuwa amefika katikati ya ua na ufagio wake aliposikia kelele kutoka juu. Ilikuwa kelele ndefu, ya furaha, isiyo na adabu hata chembe. Njiwa wote waliruka kutoka kwenye paa. Nyamizi aliegemea ufagio akacheka huku analia, na sasa akaifurahia bahari ambayo hakuwa akiiona.

Nyumbani alieleza yote, na hakupunguza hata sehemu ya kunyamaza. Mama yake alishika kiuno akamtazama mumewe: "Umesikia, Baba Nyamizi? Umesikia matunda ya elimu yako?" Marcel aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini baadaye, mke wake alipoingia ndani, alimsogelea binti yake. "Sasa niambie," alinong'ona, "ule mshipa wa katikati ulikuwa mnene kiasi gani?"

Bibi Apolonia aliuliza swali moja tu. "Wanatukumbuka?"

"Hapana, bibi," alijibu Nyamizi. "Hawajatuandika popote."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Wabeja, ng'wanawane. Umeniletea ya kweli."

Wiki saba baadaye bahasha ilifika shuleni. Mwalimu Generosa aliifungua mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Bi Mwanamkuu aliandika kwamba kile kipande alikipeleka kwa mtaalamu wa miamba. Mtaalamu alisema jiwe lile halikutoka pwani, na kwamba linafanana na mawe ya nchi ya dhahabu kusini mwa Ziwa. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya kibao kipya. Mwalimu aliisoma kwa sauti:

"Jiwe kutoka bara. Lilifika hapa mabegani mwa wapagazi, waliotembea miezi mitatu kulijaza ghala hili. Lilizuia mlango wa ghala la pembe. Limetambuliwa na Nyamizi Marcel, mwanafunzi wa Runzewe, ambaye ndiye aliyelivunja, na ndiye aliyesema."

Shule nzima ililipuka kwa makofi na vicheko. Nyamizi alijifunika uso kwa mikono, na Hosiana akambandua vidole kimoja kimoja ili watu wamwone.

"Sikilizeni," Mwalimu Generosa alisema walipotulia. "Nyamizi alijua jiwe lile tangu alipoliona. Lakini kama angekaa kimya, ujuzi wake ungebaki mfukoni pamoja na kile kipande, na Hosiana angerudi na jina la mwizi. Nasi wote tungerudi nalo. Kila mtu hukosea, hata mimi mmeniona. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajalipa kwa ajili yako. Mtu anayesema kweli hata inapomuumiza, ndiye anayeaminiwa akisema mengine." Alikunja barua. "Na kulamba mawe kukome. Kuna maji bombani."

Jioni ile mawe ya Marcel yalisubiri. Nyamizi alikaa karibu na Bibi Apolonia, aliyekuwa na picha ya kile kibao mapajani. Bibi hakujua kusoma. Nyamizi alimsomea mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Rudia pale mwanzo," bibi alisema. "Pale pa mabega."

"Lilifika hapa mabegani mwa wapagazi."

Bibi Apolonia alinyoosha miguu yake mbele, akazitazama nyayo zake mwenyewe kwa muda. Kisha akaifunga picha katika upindo wa kanga yake, akalikaza fundo.

"Sasa wanatukumbuka," alisema, akauvuta ungo wake na kuendelea kupepeta.